Kitu kikinyonya maji, maji hayo huwa yamekaa wapi?

Mleta uzi

Ndugu wasomaji, jana usiku niliweka vitu vinne katika beseni moja la maji: kipande cha sifongo, kibao kikavu kisichopakwa rangi, konzi ya maharage makavu na jiwe la granaiti lenye ukubwa wa ngumi. Asubuhi niliviopoa na kuvikagua kimoja kimoja. Sifongo ilikuwa nzito, lakini nilipoikamua ilirudisha karibu maji yote. Maharage yalikuwa yamefura hadi uzito wake kukaribia mara mbili ya ule wa awali, na nilipoyabonyeza hayakutoa hata tone. Kibao kilikuwa kimeongezeka upana, ingawa urefu wake ulikuwa uleule. Granaiti ilikuwa imelowa ngozi tu, na baada ya kufutwa kwa kitambaa ilionekana kana kwamba haijawahi kukutana na maji.

Vitatu vya kwanza tungesema "vimenyonya maji", na hapo ndipo lilipo jambo ninalotaka tulijadili. Kiswahili hakina uhaba wa maneno hapa, kwa kuwa kitu hulowa, hufyonza, husharabu, hufura na huvimba. Lakini tukianza kueleza sababu tunayakusanya yote chini ya kitenzi kimoja, kisha tunabishana bila kutambua kwamba kila mmoja anazungumzia tendo lake. Kwa maoni yangu matendo ni matatu, na njia ya kuyatofautisha ni kuuliza maswali mawili: maji yamekaa wapi, na ni kitu gani kilichoyavuta?

Tendo la kwanza ni maji kujaza mianya. Molekuli za maji hushikana zenyewe kwa zenyewe, na pia hushika kuta za kitu zinazozipenda, kama kioo safi, udongo wa kuchomwa au nyuzi za pamba iliyosafishwa. Mwanya ukiwa mwembamba, ukuta huyapandisha maji dhidi ya uzito wake, na kadiri mwanya unavyokuwa mwembamba ndivyo maji yanavyoweza kufika juu zaidi. Katika mrija wa kioo wenye nusukipenyo cha milimita 1, maji hupanda kiasi cha sentimita 1.5, nusukipenyo kikiwa milimita 0.1, hupanda sentimita 15; kikiwa milimita 0.01, hufika mita 1.5. Uhusiano huu ulielezwa na James Jurin mwanzoni mwa karne ya 18, nao ndio unaoeleza kwa nini unyevu wa ardhini hupanda katika ukuta wa matofali usiokuwa na kizuizi cha maji juu ya msingi. Tusisahau, hata hivyo, kwamba mwanya mwembamba una nguvu lakini ni mzito wa mwendo, kwa sababu maji husuguana na kuta. Mwaka 1921 Edward Washburn alionyesha kwamba, mwanzoni ambapo uzito wa maji bado si kitu, umbali ukiongezeka mara mbili, muda unaohitajika huongezeka mara nne. Anayetazama maji yakitambaa kwenye karatasi laini huona jambo hilo kwa macho, maana hukimbia mwanzoni kisha yakaanza kusuasua.

Tendo la pili ni maji kuingia katika mwili wenyewe wa kitu, yaani si katika nafasi iliyokuwa wazi bali katikati ya molekuli zilizokuwa zimebanana. Selulosi, wanga na protini zina sehemu nyingi zinazoshikana na maji kwa urahisi, na maji yanapojipenyeza baina yake huzisukuma zikaachana. Kitu hufura, na maji hayakamuliki. Mtu anayetaka kuona nguvu ya tendo hili asome habari za Stephen Hales, mtafiti wa Uingereza ambaye katika miaka ya 1720 alijaza njegere kavu na maji katika chungu cha chuma, akaweka mzigo juu ya kifuniko, na njegere zilipofura zikauinua mzigo huo.

Tendo la tatu ni osmosisi, ambapo maji huvuka utando kufuata chumvi au sukari iliyo upande wa pili. Hili nawaachia wenye taaluma ya viumbe.

Nguo ni ushahidi mzuri kwamba matendo haya yanaweza kutengana. Uzi wa poliesta uliowekwa katika hewa yenye unyevu wa kawaida wa maabara hubeba maji kama asilimia 0.4 tu ya uzito wake, pamba hubeba kati ya asilimia 7 na 8.5, na sufu hufikia kama asilimia 16. Hata hivyo shati la poliesta likitumbukizwa majini hutoka likichuruzika kama jingine lolote. Mwili wa uzi umekataa maji, bali mianya iliyo kati ya nyuzi imeyapokea. Ndiyo maana shati hilo hukauka mapema, ilhali sweta la sufu hukaa na unyevu wake siku nzima.

Mtunza Bustani

Ndugu mleta uzi, nakushukuru, lakini nina mambo mawili ambayo mpangilio wako haujayagusa. Udongo mkavu kupita kiasi, badala ya kunywa maji kwa pupa, huyakataa: maji husimama juu kama shanga, kisha hutiririka pembeni, na chini pakabaki vumbi. Kitambaa cha kufutia nacho kina tabia hiyohiyo, maana kikiwa na unyevu kidogo hufuta vizuri kuliko kikiwa kikavu kabisa. Ikiwa mianya ndiyo inayovuta, mbona mianya mitupu huvuta vibaya kuliko iliyokwisha kulowa?

Jambo la pili ni mti. Tangu shuleni tumefundishwa kwamba maji hupanda kwenye shina kwa kapilari, yaani kwa mvuto wa mianya myembamba, kama utambi wa taa unavyopandisha mafuta. Naomba nifahamishwe kama hesabu zako za mirija zinakubaliana na mafundisho hayo.

Mleta uzi

Ndugu Mtunza Bustani, swali la kwanza linanilazimu kurudia sharti nililolipitia haraka: ukuta wa mwanya lazima uwe unayapenda maji. Mimea inayooza huacha mabaki yenye asili ya nta, na udongo unapokauka sana mabaki hayo hubaki yamezifunika chembe zake, hivyo maji hukutana na ukuta unaoyakataa. Ongeza hapo hewa iliyonaswa ndani, ambayo ni lazima ipate njia ya kutokea kabla maji hayajaingia. Palipo na unyevu kidogo, maji mapya huungana na utando mwembamba wa maji uliokwisha kutandaa, na maji hayana ugomvi na maji. Pamba nayo ina siri kama hiyo: pamba ghafi iliyotoka shambani ina nta juu ya nyuzi zake, na ukiiweka majini huelea kwa muda mrefu, ilhali pamba ya hospitali, iliyoondolewa nta, huzama mara moja. Nyuzi ni zilezile.

Kuhusu mti, hesabu zinakataa. Mirija mingi inayopandisha maji katika shina ina nusukipenyo cha mikromita 10 (yaani milimita 0.01) au zaidi, na kwa kipimo hicho kapilari ingeishia mita 1.5, kimo ambacho hata kichaka hukipita. Shinikizo la hewa nalo haliwezi kusukuma maji zaidi ya mita 10 hivi. Wakati huohuo kuna miti ya jamii ya redwood huko California, Marekani, inayozidi mita 110. Maelezo yanayokubalika zaidi yalitolewa na Henry Dixon na John Joly mwaka 1894: maji yanapogeuka mvuke kwenye jani, yaliyobaki hurudi nyuma katika vitundu vya kuta za seli, na kwa kuwa vitundu hivyo hupimwa kwa nanomita (sehemu za bilioni za mita), mvuto wake unatosha kushikilia nguzo ya maji yenye kimo cha mamia ya mita. Mvuto huo hupita kutoka molekuli hadi molekuli, kama kamba, mpaka mizizini. Kwa hiyo kapilari ipo kweli, ila imekaa juu kabisa kwenye jani, na shina ni bomba tu. Tofauti na utambi ni kwamba kamba hii inaweza kukatika: katika ukame mkali kiputo cha hewa huingia kwenye mrija, na mrija huo ukaacha kufanya kazi.

Mwalimu wa Bayolojia

Naungana na maelezo ya mti, lakini yapo mambo ya kurekebisha kuhusu mbegu na mizizi.

Wanafunzi wengi huandika kwamba mbegu hunyonya maji kwa osmosisi kwa sababu ni kiumbe hai. Hatua ya kwanza ya mbegu kavu si osmosisi wala haihitaji uhai. Mbegu iliyokufa miaka mingi iliyopita, ikilowekwa, hufura karibu sawa na iliyo hai, kwa sababu kinachovuta ni wanga, protini na kuta za seli, yaani tendo la pili la mleta uzi. Tofauti hujitokeza baadaye: baada ya kufura, zote mbili hutulia kwa muda, kisha iliyo hai huanza kuvuta maji upya inapochipua, nayo iliyokufa hubaki palepale hadi ioze. Zipo pia mbegu ambazo ganda lake halipitishi maji kabisa, na hizo zinaweza kukaa katika udongo wenye unyevu miaka mingi bila kufura, mpaka ganda likwaruzwe, liungue au lioze. Mbegu ya namna hiyo ina kiu kubwa ndani yake, lakini mlango umefungwa.

Kwenye mzizi hali ni nyingine. Maji yanaweza kusafiri ndani ya kuta za seli za tabaka za nje bila kuingia katika seli yoyote, hadi yanapokutana na mkanda usiopitisha maji unaoitwa mkanda wa Kaspari, kwa jina la Robert Caspary aliyeueleza katika karne ya 19. Hapo njia ya pembeni imezibwa, na kila tone lazima lipite katika utando wa seli hai. Utando wenyewe ni wa mafuta, na kwa muda mrefu haikueleweka maji hupitaje kwa kasi kubwa namna ile. Jibu lilipatikana katika miaka ya 1990, pale Peter Agre alipotambua protini zinazoitwa akwaporini, na akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003. Kila akwaporini ni kijitundu kinachopitisha molekuli za maji moja nyuma ya nyingine, mabilioni kwa sekunde, huku kikizuia chumvi. Mmea unaweza kuvifunga vijitundu hivyo, kwa mfano ardhi inapofurika na mizizi ikakosa oksijeni, na hilo ndilo linaloeleza kioja cha mmea kunyauka ilhali umesimama ndani ya maji.

Kwa wanyama nitatoa mifano miwili, kwa kuwa mmoja hufanana na mwingine na watu huichanganya. Chura wengi hawanywi kwa mdomo. Hukalia mahali penye unyevu na kupokea maji kupitia ngozi laini ya tumbo la chini, na hiyo ni osmosisi. Mjusi wa miiba wa jangwa la Australia, anayejulikana kwa jina la kisayansi Moloch horridus, naye akisimama katika mchanga wenye unyevu huonekana kama ananywa kwa miguu. Ngozi yake haipitishi maji hata kidogo. Baina ya magamba kuna mifereji myembamba inayoyasafirisha maji kwa kapilari hadi kwenye pembe za mdomo, naye huyameza kama mjusi mwingine yeyote.

Mkemia

Nimeusoma uzi kwa furaha, lakini ukuta ambao mleta uzi ameujenga kati ya tendo la pili na la tatu una tundu. Chukueni punje za sodiamu poliakrileti, zile zinazotiwa ndani ya nepi. Gramu moja inaweza kubeba gramu mamia kadhaa za maji safi na kugeuka jeli isiyokamulika. Humo hamna mianya ya kujazwa wala utando wowote, na mshikamano wa molekuli peke yake hautoshi kueleza kiasi kikubwa hivyo. Kilichopo ni minyororo mirefu iliyofungamana, yenye chaji hasi zinazosukumana, pamoja na ayoni za sodiamu (chembe zenye chaji chanya) zilizonaswa ndani kwa sababu haziwezi kuziacha chaji hizo. Maji huingia kuzifuata ayoni, sawasawa na osmosisi, huku wavu wenyewe wa minyororo ukifanya kazi ya utando. Uthibitisho wake ni mwepesi: weka punje hizohizo katika maji ya chumvi, utaona uwezo wake unashuka hadi makumi ya gramu tu, kwa kuwa chumvi ya nje imepunguza tofauti iliyokuwa ikivuta.

Mfano wa pili unaosumbua mpangilio huu ni silika jeli, zile punje za kwenye vipakiti vinavyowekwa katika masanduku ya vifaa. Hubeba maji mengi, pengine zaidi ya theluthi moja ya uzito wake, lakini hazifuri wala hazilowi. Siri yake ni uso: gramu moja ina vitundu vingi kiasi kwamba nyuso zake za ndani zikitandazwa zingefunika mamia ya mita za mraba, na mvuke wa maji hushikamana na nyuso hizo bila kupenya katika mwili wa silika. Zikipashwa moto, maji hutoka, na punje zikawa tayari kutumika tena. Kwa hiyo kwenye swali lako la "maji yamekaa wapi", jibu la nne ni kwamba yamekaa juu ya uso, ila uso wenyewe umefichwa ndani.

Mleta uzi

Mkemia, nakubali kwamba mipaka yangu ni ya kusaidia kufikiri tu, wala maumbile hayalazimiki kuifuata. Hata kibao changu kinafanya zaidi ya tendo moja, kwa kuwa maji yanayoingia kwanza hukaa ndani ya kuta za nyuzi na kuzifurisha, hadi zishibe kwenye kiwango cha asilimia 30 hivi ya uzito wa mbao kavu. Yanayozidi hapo hujaza tu matundu ya seli, uzito ukaendelea kupanda lakini kipimo cha upana kikasimama. Ninachokitetea ni yale maswali mawili, na naona mifano yako imeyajibu vizuri kuliko yangu.

Muuguzi

Naomba kuongeza habari za mwili wa binadamu, kwa sababu hapa kosa la kufikiri lina madhara. Watu hudhani utumbo hunyonya maji kama sifongo, hivyo mgonjwa wa kuharisha akinywa maji mengi matupu itatosha. Katika mtu mzima mwenye afya, utumbo hupokea kiasi cha lita 9 kwa siku, ambapo lita 2 hivi ni za kunywa na chakula, na nyingine ni mate, nyongo na majimaji yanayomwagwa na viungo vyenyewe. Karibu yote hurudishwa mwilini, na kinachotoka na choo ni chini ya robo lita. Utumbo hufanya kazi hiyo kwa kuvuta chumvi kwanza, na maji hufuata. Mwaka 1960 Robert Crane alieleza kwamba sodiamu (iliyomo katika chumvi) na glukosi (aina ya sukari) huingia pamoja kupitia mlango mmoja wa seli, na mlango huo huendelea kufanya kazi hata katika kipindupindu. Juu ya msingi huo ulijengwa mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kunywa, ambao Shirika la Afya Duniani lilipunguza ukali wake mwaka 2002. Vipimo vyake vina sababu: sukari ikizidi, mvuto hugeuka, na maji hutolewa mwilini kuingia kwenye utumbo, mgonjwa akaharisha zaidi. Anayeutumia afuate maelekezo ya pakiti kwa uangalifu, asikadirie kwa macho.

Msomaji Mgeni

Nimefuatilia kimya, ila nina swali ambalo huenda litaonekana la kitoto. Vidole vikikaa majini hukunjamana. Je, ngozi imenyonya maji ikafura kama mbao ya mleta uzi?

Muuguzi

Si la kitoto hata kidogo, maana jibu hilo lilikuwa likitolewa hata na madaktari. Tabaka la nje la ngozi hupokea maji kiasi, ni kweli, lakini halitoshi kueleza mikunjo. Katika miaka ya 1930 iligunduliwa kwamba kidole ambacho mshipa wake wa fahamu umekatika hakikunjamani, ingawa ngozi yake ni ileile na maji ni yaleyale. Kinachotokea ni kwamba mfumo wa fahamu huamuru mishipa midogo ya damu kwenye ncha za vidole isinyae, nyama ya ndani ikapungua ujazo, na ngozi iliyo juu yake ikapwaya na kujikunja. Kidole kilichokunjamana kimepungua ndani.

Fundi Mbao

Nimechelewa, lakini swali langu ni la kazi. Nilitengeneza mlango, nikaupaka vanishi pande zote mbili, na bado kila majira ya mvua hukwama kwenye fremu upande wa kitasa, wala haujawahi kukwama juu. Maji ya mvua hayaufikii.

Mleta uzi

Fundi, mlango wako unapokea mvuke wa hewani, na kwa mbao huo unatosha. Mbao hufura kwa upana na unene, ilhali kwa urefu wa nyuzi huongezeka kidogo mno, mara nyingi chini ya sehemu mbili kwa elfu, kwa sababu maji hujipenyeza baina ya nyuzi na kuzitenganisha bila kuzirefusha. Ndiyo maana unakwama kwenye kitasa na haukwami juu. Tena mbao iliyopasuliwa kwa kugusa duara za ukuaji hutanuka upana karibu mara mbili ya ile iliyopasuliwa kuelekea kiini cha gogo. Tazama ncha za mbao zako uone duara zimelalaje. Vanishi yenyewe huchelewesha mvuke, haiuzuii kabisa. Naomba kukuuliza: kingo za juu na za chini ulizipaka?

Fundi Mbao

Sikuzipaka. Nilihesabu kwamba hakuna anayeziona.

Mleta uzi

Hapo ndipo midomo ya nyuzi ilipo wazi, na maji hupita humo kwa kasi kubwa kuliko ubavuni. Subiri kiangazi mlango ukauke na usinyae, uutoe kwenye bawaba, kisha zipake kingo hizo mara mbili au tatu. Usiurande sasa hivi ukiwa umefura, kwa sababu ukikauka utakuachia mwanya wa kupitisha kidole.

Fundi Mbao

Randa ilikuwa tayari mkononi. Nimeirudisha sandukuni.